Sina Mwenyeji Buloba

Kondakta aliniuliza naenda kwa nani.
Kwa hapana mtu, nikasema. Naenda tu.
Akanirudishia chenji akinikagua
kama noti iliyoungwa kwa gundi.

Basi likageuza, likaniachia vumbi lake.
Mbele: duka la mabati, duka la majeneza,
duka la mabati tena.
Ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu
KIWANJA HIKI HAKIUZWI
na chini yake, kwa mkaa, namba ya simu.

Nikafuata mfereji wa mvua
maana barabara ilikuwa imechoka.
Nyumba zisizo na paa, nondo zimesimama
kama nywele za aliyeamshwa ghafla;
katika sebule moja mihogo imeota,
imefika dirishani, inachungulia
kibao cha Ssekitto, fundi milango.

Nalweyiso, muuza gonja, hakunitazama uso,
alitazama viatu. "Umepotea?"
Bado, nikamjibu.
Akanichagulia kipande kilichoungua pembeni,
eti ndicho kitamu. Kweli.

Sikuona cha kusimulia.
Kinamasi cha mafunjo nyuma ya tanuri la matofali.
Mbuzi kafungwa kwenye nguzo ya goli,
kipa anamsihi asogee.

Jioni, nikingoja basi, pikipiki ikasimama:
kijana amekumbatia godoro, anahamia leo,
auliza kwa Ssekitto ni wapi.
Mkono ukanyooka kabla sijafikiri:
pita majeneza, kata kwenye mihogo,
ukimwona mbuzi
umepitiliza.