Zako Nani Kazizungushia?

Karatasi ya kwanza ya grafini ilikuwa safi mno.
Kaboni sita, sita, sita, hakuna aliyetoka safuni.
Katika mwanga mia ilichukua mbili na ushei tu,
uliobaki ikauachia upite.
Tulipoipiga leza ilijibu kwa vilele viwili,
adabu tupu, haina la kuongeza.
Nikaandika daftarini: njema. Nikapiga mwayo.

Ya pili niliipika mwenyewe, Chake Chake,
kwa makonyo ya karafuu niliyookota nyuma ya kiwanda,
nikayachoma yakawa mkaa, nikayaloweka kwenye tindikali
hata jirani yetu Bikombo akauliza nazika nini.
Ilitoka mbovu.
Hapa atomi haipo,
pale pembe tano imeegemea pembe saba
kama wapangaji wasiosemezana.
Na kwenye spektra kikachomoza kilele cha tatu,
kile ambacho iliyo safi haina,
kikasimama kama shahidi asiyeitwa.

Taa yangu ya zambarau ilikuwa imeungua.
Nikaazima tochi kwa Faki Shaame wa duka la fedha,
ile anayokagulia noti bandia.
"Irudi kabla ya alasiri, leo kuna dola."
Nikaziba dirisha kwa kanga.

Ile safi: kiza. Kiza chenye heshima zake.
Ile mbovu ikawaka,
buluu iliyokaribia kijani,
rangi ya chupa ya marashi ikishikwa juani.

Mama alikuwa barazani na kofia ya viua,
kila tundu dogo kuliko punje ya mtama,
sindano inazunguka, uzi unabana.
Nikamweleza: elektroni iliyozoea kupita moja kwa moja
ikifika penye kasoro hukwama,
na ikija kushuka, hushuka na mwanga.
Akaukata uzi kwa meno.
"Tundu zangu mimi nimezizungushia.
Zako nani kazizungushia?"

Oksijeni, nikasema. Inakaa ukingoni,
inaishika mikono iliyoachwa mitupu.

"Kwa malipo gani?"

Kofia ile ilimchukua miezi minne,
na mnunuzi kashaanza kuvuta bei chini.
Sikuwa na jibu la malipo.

Adhana ikaanza; ndipo nikaikumbuka tochi.
Faki aliipokea bila salamu,
akaimulika noti ya elfu kumi, akaigeuza,
akaniuliza kama betri nimemmalizia.