Nafasi ya Mshono

Miaka thelathini na moja, Mtaa wa Kongo,
tepu shingoni, chaki mfukoni,
nilipima watu.
Hakuna aliyenipa ukweli wa kiuno chake.
Tepu ikikaribia, walivuta pumzi.

Leo napimwa mimi.
Hidaya anatoa kikombe cha kahawa,
kile kisicho na mkono, chenye ua la buluu,
anachota wali wa Kyela, anausawazisha juu kwa kisu
kama muuza nafaka asiyetaka hasara.
"Huu ndio wako."
Sahani ni ile ile. Wali umekaa pembeni
kama mtu aliyekuja harusini bila kadi.

Sukari ilipoingia humu ndani nilifanya mzaha:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nikampa.
Akaliegemeza mlangoni, akaagiza chai.
Sasa huu mwaka wa nne.

Kwa hiyo naanza na mchicha.
Kisha bamia, kisha kachumbari yenye ndimu ya kukunja uso.
Ndipo mchuzi: changu, tui la pili peke yake,
ukwaju, bizari aliyoitwanga mwenyewe,
majani ya mchuzi aliyopewa na Hansa wa duka la vitambaa,
ambaye naye, kumbe, anajidunga kidole kila asubuhi
na hakuwahi kutuambia.
Wali ni wa mwisho,
tumbo likishapata sababu ya kukataa.
Mkono ndio bado haujaelewa:
unamega tonge la zamani,
unakuta nusu yake ni hewa.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Cha kufanya kibaba kikishajaa
hatukufundishwa.

Saa mbili baadaye, kidole.
Sindano nazijua. Zilinichoma ujana wangu wote
bila kudai hesabu.
Hii ndogo ya sasa inachoma na kuandika:
kumi na nne nukta mbili, siku ya pilau ya Mwananyamala,
saba nukta nane, siku tuliyotembea
hadi Magomeni Usalama na kurudi,
tukiruka madimbwi, tukipita karai la mihogo
huku Hidaya akinishika mkono,
si kwa mapenzi tu.

Lakini Ijumaa hii nilisikia mwiko
unakwaruza chini ya sufuria.
Ukoko.
Rangi ya suti ya kaki, unanukia nazi iliyoungua kidogo.
Nikasema: Hidaya,
nguo isiyoachiwa nafasi ya mshono
haina msaada siku mwili ukibadilika.
Fundi anayejua kazi huacha nusu inchi kwa ndani,
mahali ambapo mteja haoni.

Hakujibu. Alikwaruza.
Akaniwekea kiganjani kipande
saizi ya kifungo,
si cha shati, cha koti,
akasema, "Vaa viatu."