Hodi ya Nne

Thureya, mamako aliisugua shingo yako
kwa dodoki, kwa ndimu, kwa jivu,
akidhani ni nongo.
"Mtoto wa kike, miaka kumi na moja, hajui kukoga!"
Nawe umeuma pindo la kanga, husemi.
Weusi haukutoka. Ngozi ndiyo iliyotoka.

Na kile kipanda uso:
kila Jumanne, kama mdai,
upande wa kushoto,
kwanza vimulimuli ukutani, mchana kweupe,
kisha unatapika, kisha unaomba
tuzime hata jua.
Chuoni wakasema ni hila za kukimbia kuhifadhi.
Jirani akasema jicho.
Mimi nilisema njaa,
nikakuletea nilichonacho:
ukoko wa halua, wa moto, juu ya kipande cha ukili.

Miaka ishirini nasonga halua hapa Wete,
wanga, samli, sukari ndoo kwa ndoo,
hata mkono wa kulia umeushinda wa kushoto unene.
Sikujua kupenda kwa njia nyingine.

Daktari Mgeni hakuanza na kichwa.
Alikufunua ushungi, akaitazama shingo,
akakupima kiuno kwa futi kama fundi wa nguo,
akatoa damu.
Akasema: insulini hupiga hodi
ili sukari ifunguliwe mlango.
Mwili wa mtoto huyu hausikii vyema.
Basi inapiga tena.

Sisi tumefundishwa hodi tatu,
usipojibiwa, urudi zako.
Hii hairudi.
Hodi ya nne, ya tisa, ya arubaini,
mlango ule ule, usiku kucha.
Nikauliza: ndizo anazozisikia kichwani?
Akavua miwani.
"Huenda. Mara nyingine tunayaona pamoja, haya mawili.
Lipi limemleta mwenziwe, hatujui bado."
Nilimpenda kwa ile "bado".

Njia nzima ya kurudi
mamako ameiweka shingo yako kiganjani.
Hasugui.

Siku hizi baada ya alfajiri tunatembea, mimi na wewe,
mpaka bandarini na kurudi, unalaumu viatu.
Chai ya mkandaa, kavu, unaikunjia uso.
Kipanda uso bado kinakuja.
Si kila Jumanne.

Siku kikija nakoga mara mbili
nisikunukie iliki,
nasimama nje ya pazia,
nasema hodi moja, ya chini kabisa,
mguu mmoja tayari umegeuka.