Hatua Sabini

Mimi hupima mashamba ya viazi kwa miguu, Uyole.
Sabini kwa sabini: eka.
Sijawahi kushtakiwa.

Lusekelo, mtoto wa dada yangu, akaniita chuoni kwao Iyunga,
akanivisha miwani nene, nikawa kama inzi.
"Mama mdogo, nenda moja kwa moja."

Nikaona uwanda, nyasi, na Loleza mbele,
bila minara yake. Hapo nikajua wanadanganya.
Lakini mguu ulishaanza kuhesabu.

Jicho likasema: mlima uko hatua arobaini.
Goti likasema: kuna kitu kinanivuta kushoto.
Jicho likacheka. Goti ni la shamba, lina matope.

Ya ishirini na tisa nikaruka mfereji.
Nikasikia wanafunzi wakiangua kicheko;
palikuwa na sakafu tu.
Hamsini. Sikugusa ukuta.
Sabini, nikasimama
kama mtu aliyemaliza eka.

Nikavua.
Ndoo ya deki ileile, karibu na kisigino changu.
Chumba chenyewe hatua kumi na mbili, hakizidi.
"Tulikupinda kidogo kidogo," akasema Lusekelo,
"nyuzi chache kila hatua.
Umezunguka mara mbili, na ukaona umenyooka."

Wakanipa soda. Sikuimaliza.
Nilikuwa namfikiria Mwansasu,
miaka sita analia kwamba mpaka wake una tumbo,
nami miaka sita namwapia
kwa miguu hii.

Kesho yake, umande haujakauka,
nikaenda Uyole na kamba.