Boga Mezani, Saa Tatu Asubuhi

Vuli imeingia, na miti inavua.
Mjozi wa langoni umebakiza majani tisa
(Neža kayahesabu, kisha upepo ukamsahihisha: manane).
Darasa la kwanza, mji wa Ormož. Ukungu wa mto Drava
umekaa dirishani kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Mezani nimefunika kitu kwa kitambaa cha jikoni.

— Kitendawili!
— Tega!
— Nyumba yangu ina watu mamia,
haina mlango, haina dirisha, wala hawagombani.
— Yai!
— Yai lina watu mamia?
— Mzinga!
— Mzinga una mlango.
— Basi la shule! anasema Vid,
na hao wanagombana kila siku, kwa hiyo hapana.
Nipeni mji.
Wananipa Ptuj. Siutaki, nina shangazi huko.
Wananipa Graz. Wananipa Vienna pamoja na farasi wake.
Haya, nakwenda Vienna, nakula keki, nafuta midomo, narudi,
navuta kitambaa:

boga.

Si lile la kuchongwa macho na meno.
Ni la kwetu, lenye michirizi ya kijani na manjano,
lile ambalo wakulima hulitaka mbegu
na nyama yake wakaiachia shamba.

Kulipima kwanza. Mizani ya darasa inafika kilo tano
halafu mshale unagoma.
Tinkara anapanda mizani ya muuguzi akiwa amelikumbatia,
anapanda tena mikono mitupu,
na tofauti tunaiandika ubaoni.
Mara ya kwanza mwaka huu kutoa kumemfaa mtu.

Litazama au litaelea?
Mikono kumi na tisa: litazama, zito hivyo!
Wa ishirini ni Lovro, ambaye tangu Septemba
hajatamka darasani ila "nipo" ya mahudhurio.
Anainua kidole nusu, kama anayejikuna sikio.
Litaelea.

Beseni. Maji. Chubwi!
Linakwenda chini, sote tunavuta pumzi,
kisha linapanda, linajigeuza polepole,
mgongo juu, halina aibu hata kidogo.
Viti vinalia. Vichwa kumi na tisa vinamgeukia Lovro.
Yeye anavitazama viatu vyake.
"Shambani," anasema, "mafuriko yalipokuja, yalikwenda yote.
Tuliyafuata kwa trekta."

Maneno manane. Nimeyahesabu kwa makini
kuliko nitakavyohesabu kitu kingine leo.

Kisu ni changu, mikono ni yao.
Žiga anapiga yowe kwamba ndani kuna makamasi,
na kwa kuwa ni makamasi, kila mtu anayataka.
Utelezi hadi viwikoni, utelezi kwenye nywele za Zarja,
harufu ya udongo mbichi na tikiti lililosahaulika,
na katikati yake mbegu, kijani kibichi, hazina ganda,
zinaponyoka vidoleni kama samaki wadogo wenye haraka.
Haba na haba; kibaba chetu ni kikombe cha mtindi.
Kumi kikombe, vikombe kumi trei,
trei nne, vikombe saba, mbegu tatu pembeni.
Mia nne sabini na tatu.
Zilikuwa sabini na tano. Zarja anatafuna.

Saa sita na nusu mama mmoja anafungua daftari la mwanawe
pale pale langoni: jeupe.
"Leo mmesoma nini?"
Mtoto anamnusisha kiganja.
Mama ananitazama. Mimi nautazama mjozi.

Kwenye kitabu cha maandalizi naandika kilichopangwa:
Hisabati, kujumlisha hadi ishirini.
Kidole changu kinaacha doa la mafuta kwenye neno ishirini,
linasambaa. Nalifuta, linazidi. Basi.

Na Lovro, koti lake limefungwa vifungo vya upande,
alikuwa amerudi hadi mlangoni.
"Mwalimu. Na kiazi?"

Sijui, nilimwambia, na ni kweli sijui.
Nimefika nyumbani, sijavua hata skafu,
nafungulia maji ya jikoni.