Kanda ya Kumi na Nne

Bi Ghaniya kaingia na bati la biskuti,
ndani kanda kumi na tisa, kila moja na kitambaa chake.
Nje, Ruwi yachemka, digrii arubaini na sita.
Humu ni kumi na nane; mashine zinalala vizuri kuliko sisi.
Akavuta shela, akaniuliza:
"Mundhir, friji lote hili mnaweka nini?"

Watu, nikamwambia.

Kanda ni plastiki iliyopakwa kutu.
Kutu, Bi Ghaniya. Dada yake huyo huyo
anayelila geti lako kule Sib
ndiye aliyekuwekea sauti ya Zuwena miaka arubaini na minne.
Chembe kwa chembe, hii imetazama kaskazini, hii kusini,
safu ya waumini wasioafikiana kibla,
na katika kutoafikiana kwao
mtu anakohoa, jogoo anawika Wete,
mtu anasema: "Haya, naanza."

Mbili zilikuwa zanata. Nikazitia jikoni,
moto mdogo, saa nane, mpaka gundi ikashika tena.
"Unaoka barua?" Akacheka mpaka miwani ikamteleza.
Kisha Zuwena akazungumza, na kicheko kikakatika:

*Nimekaa barazani,*
*kinasa ki mapajani,*
*mvua i milangoni,*
*nakunong'oneza ndani.*

*Ukisikia nakoma,*
*usidhani nimehama:*
*ni maneno yamekwama,*
*kooni yamesimama.*

Naweza kuuondoa huo mvumo, nikasema, na jogoo pia.
"Jogoo wetu? Umwache."

Nikamwonyesha diski mpya, sahani ya kioo
iliyopakwa madini membamba kuliko pumzi juu ya kioo cha kujitazamia.
Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo nyingi zinavyoenea,
lakini chembe ndogo mno husahau;
joto la chumba tu laigeuza shingo.
Basi wataalamu wakatafuta chembe kaidi,
isiyosikia sumaku yoyote
mpaka leza iichome, kufumba na kufumbua.
Hapo hulainika, huandikwa, hupoa,
na haigeuki tena.

Bi Ghaniya akanyamaza.
"Ndivyo. Na mimi yaliyonichoma tu
ndiyo ninayoyajua tarehe."

Zote kumi na tisa ziko wapi?
Nikaweka ncha ya kalamu: hapa, mahali pa punje ya adesi.
Akaitazama ncha. Akanitazama mimi.
"Mimi na Zuwena hatujazi hata kijiko?"
Sikuwa na jibu. Nikamtilia kahawa.

Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi:
"Ya kumi na nne, ifute."
Nikamwambia nitaifuta. Akasema hapana, mkono wangu.
Nikampa sumaku niliyoing'oa kwenye spika kuukuu.
Akaipitisha juu ya kanda, mara tatu, polepole,
kama akandaye mgongo wa mtoto mwenye kikohozi.
Tukaisikiliza: shhh, shhh,
mchanga ukipiga kioo cha gari usiku njia ya Ibra.
"Alhamdulillahi," akasema.
Akalipa riali sita, baisa mia akanilazimisha,
akalibeba bati lake, na kanda tupu ndani yake,
ile ya kumi na nne imerudishiwa kitambaa.

Sikumwambia nakala ni tatu.
Moja humu. Moja jengo la pili.
Ya tatu ilikwenda Salalah jana usiku, yenyewe,
kama ilivyopangiwa,
chini ya manyunyu ya kharifu, kusikojulikana
kwamba kuna neno mtu kamsamehe nduguye,
au kashindwa kumsamehe. Sijui lipi.

Namba kumi na nne iko pale kwenye skrini.
Ina dakika ishirini na saba.
Tangu alasiri kidole changu kiko hewani.
Kitufe cha kufuta na kitufe cha kusikiliza
vimepakana.