Kipande Namba 418

Botucatu, Julai, baridi ya kuuma vidole.
Iraci anakata nta kwa wembe wa mashine,
utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu;
anautua juu ya maji vuguvugu, unakunjuka.

Ndani ya nta limo pafu la Valdomiro,
mchuma kahawa, miaka thelathini na minane kaburini.
Daftari la zamani lilisema: kifua kikuu.
Kwa neno hilo kikombe chake kilitengwa,
godoro likachomwa uani,
na binti yake Neide akapelekwa kwa shangazi,
mbali na pumzi ya baba.

Rangi za kawaida zilionyesha viduara tu,
vingeweza kuwa chochote.
Leo Iraci anadondosha kingamwili,
tone moja,
mpiga hodi ajuaye mlango mmoja tu.
Anasubiri. Anaosha. Anasubiri tena.
Kikombe chake kinapoa dirishani.

Kisha kahawia.
Kuvu, na vichipukizi vimeizunguka pande zote
mfano wa usukani wa meli,
ndani ya kifua cha mtu asiyewahi kuiona bahari.
Kuvu ya udongoni. Aliivuta na vumbi la jembe lake mwenyewe.
Haiambukizwi mtu kwa mtu.

Iraci anaondoa jicho kwenye hadubini, analifuta.
Anaandika jina la kuvu kwa wino, polepole,
chini ya lile kosa.
Kesho atampigia Neide simu.
Amwambie nini?
Kwamba angeweza kumbusu?